Uhura Anapoingia Kidato cha Kwanza

Jumamosi iliyopita usiku, upepo wa Dodoma ukigonga mabati na vumbi likitafuta upenyo madirishani, niliketi sebuleni kwangu hapa Chang'ombe kutazama upya tamthilia niliyoiona mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa chuo. Ni sehemu moja ya Star Trek, bunilizi ya kisayansi ya televisheni ya Marekani, nayo inaitwa "The Changeling". Ilirushwa hewani tarehe 29 Septemba 1967. Niliikumbuka kwa sababu ya mabishano tuliyokuwa nayo wiki hiyo ofisini kuhusu lugha ya kufundishia, mabishano ambayo kila mmoja wetu ameyahifadhi kama sala. Nilikumbuka kwamba ndani ya tamthilia ile mna tukio fupi linalohusu jambo lilelile, na linahusu Kiswahili.

Sikutazama peke yangu. Binti wa jirani, aliyeanza Kidato cha Kwanza mwaka huu katika shule ya kata, alikuja kuomba kuchaji simu ya mama yake kwa kuwa umeme wa Luku ulikuwa umewaishia. Mkononi alikuwa na daftari la Baiolojia. Alipoona kioo cha kompyuta kinawaka, akaomba ruhusa kuketi, akaketi.

Kisa chenyewe, kwa ambaye hajakiona, ni hiki. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise kinakutana na mashine ndogo yenye sauti na akili, jina lake Nomad. Mashine hiyo ilitoka duniani zamani ikiwa na kazi njema: kwenda kutafuta uhai mpya angani. Njiani ikaharibika, ikakutana na mashine nyingine ya viumbe wa mbali, Tan Ru, ambayo nayo ilikuwa na kazi yake njema: kuchota sampuli za udongo na kuua vijidudu vilivyomo. Mashine mbili zikajiunganisha, na amri zao zikachanganyika. Matokeo yake ni kitu kinachotafuta uhai na kuangamiza kila uhai kinaouona una kasoro. Kimekwisha kuangamiza mabilioni ya watu kabla ya kuifikia Enterprise. Kinamwacha Nahodha Kirk na watu wake kwa sababu moja tu: kimemdhania kuwa ndiye muumba wake, maana mtu aliyeiunda Nomad aliitwa Roykirk.

Nomad inapozunguka ndani ya chombo, inasikia sauti ya mwanamke akiimba. Ni Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano. Mashine inataka kujua kuimba ni kwa ajili ya nini. Anaijibu kwamba anaimba kwa kuwa amejisikia kuimba. Jibu hilo haliingii katika hesabu zake. Inamwelekezea mwali, na kwa muda mfupi kila alichowahi kujifunza kinafutika kichwani. Daktari McCoy anampima na kukuta kwamba ubongo wake haukudhurika. Akili ipo palepale, ila maarifa yote yaliyoandikwa humo yamefutwa. Hana budi kufundishwa upya.

Ndipo linapokuja tukio nililolifuata. Mwanamke huyu, ambaye asubuhi alikuwa akiongoza mawasiliano baina ya sayari, ameketi katika chumba cha wagonjwa akisoma kitabu cha watoto wa darasa la kwanza. Kitabu ni cha Kiingereza, chenye sentensi za mbwa na mpira. Muuguzi Chapel yuko kando yake. Uhura analikuta neno la Kiingereza lenye maana ya rangi ya buluu, analitamka kama linavyoandikwa, anasahihishwa, anajaribu tena, anakosea tena. Uvumilivu unamwisha, na katika hasira ile anaanza kusema Kiswahili.

Binti alikuwa akicheka kila Uhura alipokosea. Aliposikia Kiswahili akaacha kucheka na kukaa wima.

"Mwalimu, huyu anaongea Kiswahili!"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo lugha yake ya kwanza katika hadithi hii. Akatazama kidogo, kisha akasema: "Kumbe anajua. Shida ni kile kitabu."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu lugha ya kufundishia, mengine ya maprofesa ninaowaheshimu sana. Sikumbuki kama nimewahi kuyaona yote yakifupishwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Jina la Uhura lina asili yake kwetu. Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki dunia Julai 2022, alisimulia kwamba alipokwenda kuomba nafasi katika Star Trek alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuhusu Kenya. Neno hilo likamvutia Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, nalo likabadilishwa irabu ya mwisho likawa jina la mwanamke. Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya bendera ya Tanganyika kupanda tarehe 9 Desemba 1961 na ile ya Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Neno lilikuwa bado moto. Kwa Wamarekani Weusi waliokuwa wakipigania haki zao, lilikuwa neno la bara ambalo watu wake walikuwa wamejitwalia wenyewe kile ambacho wao walikuwa wangali wakikidai.

Nichols alisimulia pia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemwomba asiache, kwa sababu kwa mara ya kwanza Wamarekani walikuwa wakimwona mwanamke Mweusi akifanya kazi ya akili na ya mamlaka, na si ya kufagia. Alibaki. Mae Jemison, aliyekuwa mtoto wakati huo, alimwona, na Septemba 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kwenda angani. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kumtangulia. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Uhuru wa Kenya, setelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Data zake ni miongoni mwa zilizowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Basi tunaposema kwamba Kiswahili hakiendani na sayansi, tukumbuke kwamba watu wa sayansi hawakuona tabu kukiandika juu ya chombo chao.

Lakini kilichonikaa moyoni usiku ule ni mwaka. "The Changeling" ilionyeshwa mwaka 1967. Hapa kwetu hapana aliyeiona, kwani Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo cha televisheni. Hata hivyo mwaka uleule, Februari, lilitangazwa Azimio la Arusha, na Machi Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Katika mkondo huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Yaani wakati waandishi wa Hollywood wanabuni mwanamke wa karne zijazo ambaye Kiswahili kimekaa kwenye kina cha nafsi yake, serikali yetu ilikuwa ikianza kukipandikiza Kiswahili kwenye kina hicho katika vichwa vya mamilioni ya watoto. Tulifanikiwa. Mtoto wa Kitanzania leo anajifunza hesabu, historia na sayansi kwa Kiswahili miaka yake yote ya shule ya msingi. Kisha, Januari ya mwaka unaofuata, tunamwelekezea mwali.

Binti alinipa ushahidi bila kuombwa. Tamthilia ilipokwisha nilimuuliza anasoma nini katika daftari lile. Akanisomea mistari mitatu ya Kiingereza iliyonakiliwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, akaisoma bila kukosea, kwa mkazo wa mtu anayekariri. Nikamuuliza maana yake. Kimya. Akatazama chini kama mtu aliyekamatwa na kosa. Nikamuuliza kwa njia nyingine: usanisinuru ni nini? Akainua kichwa. Akanieleza habari za jani, mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka mizizini na hewa ya kabonidayoksaidi. Akaniambia ndiyo maana mchicha wa mama yake uliofunikwa na ukuta wa jirani umedumaa, ilhali ule wa upande wa jua umestawi. Alieleza kama mwalimu. Kisha akaliangalia tena daftari lake, akaniuliza, kwa mshangao ambao sitausahau:

"Kwani ndiyo hii?"

Hakujua kwamba mistari ile mitatu inasema jambo analolijua tangu shule ya msingi. Alikuwa akilikariri upya kama jambo geni lililotoka sayari nyingine.

Je, waandishi wa tamthilia walikuwa sahihi kudhani kwamba lugha ya kwanza husalia pale mengine yanapofutika? Suala hilo ni la kale. Mfaransa Théodule Ribot, katika kitabu chake cha mwaka 1881 kuhusu maradhi ya kumbukumbu, alishikilia kwamba yaliyoingia mwanzo ndiyo hutoka mwisho. Mfaransa mwenzake, Pitres, akaandika mwaka 1895 kwamba kwa wagonjwa wenye lugha nyingi, aghalabu inayorudi kwanza ni ile waliyokuwa wakiitumia zaidi, hata kama si ya utotoni. Madaktari wameona visa vya namna zote mbili. Lakini kwa mtoto wetu wa Kidato cha Kwanza kanuni hizo mbili hazigombani hata kidogo: lugha aliyoanza kusomea na lugha anayoitumia kila siku ni ileile moja. Kwa kanuni yoyote utakayoichagua, maarifa yake yamekaa ndani ya Kiswahili. Ukikifunga Kiswahili, umeyafungia na maarifa humo ndani.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili limejadiliwa mno na sasa linachosha. Ni kweli limejadiliwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa kukosa mapenzi na Kiswahili, alisema wakati huo kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na kwamba kikiachwa kuwa somo tu kinaweza kufa nchini. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu na kuona kwamba kiwango cha wanafunzi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Pamoja na ugonjwa kuuona waziwazi, dawa waliyoiandika ilikuwa Kiingereza zaidi, na mradi wa kukiimarisha ukafuata. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell waliandika kitabu kizima mwaka 1997 kuonyesha kwamba tumechanganya Kiingereza na elimu, kana kwamba kukosa kimoja ni kukosa cha pili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Mlango ulifunguliwa, lakini hakuna aliyepita. Hadi leo, lugha rasmi ya kufundishia sekondari ni Kiingereza.

Kwa hiyo mjadala ni mrefu, lakini mtoto wa Kidato cha Kwanza ni mpya kila Januari. Yeye hajachoka na mjadala huu. Hata hajausikia.

Turudi kwa Nomad, kwa maana humo naona jambo ambalo mijadala yetu hulipita. Nomad haikuumbwa kuwa mwuaji. Kutafuta uhai mpya ni kazi njema. Kusafisha sampuli za udongo ni kazi njema pia. Ubaya ulizaliwa pale kazi mbili njema zilipogongana na kuwa kazi moja. Ndivyo ilivyo sekondari yetu. Kumfundisha mtoto fizikia, baiolojia na historia ni kazi njema. Kumfundisha Kiingereza ni kazi njema. Tumezigonganisha, tukaamini kwamba atajifunza Kiingereza kwa kufundishiwa fizikia, na atajifunza fizikia kwa kusikia Kiingereza. Tulichopata ni mashine isiyofanya kazi yoyote kati ya hizo mbili, bali ya tatu: inawatafuta watoto katika kila kata, kisha inawachuja wale ambao kasoro yao pekee ni kwamba hawakuzaliwa katika nyumba yenye Kiingereza.

Tazama pia namna mashine hiyo inavyowaita inaowachuja. Nomad, baada ya kufuta kumbukumbu za Uhura, inalalamika kwamba mawazo ya kiumbe yule yalikuwa vurugu. Imemfuta mtu, halafu inamlaumu kwa kuwa hivyo alivyo. Nimeyasikia maneno ya jinsi hiyo mara nyingi mno katika vikao vya walimu, na nakiri kwamba nimewahi kuyasema mwenyewe: wanafunzi wa siku hizi ni weupe, hawafikiri, hawana hoja, wanakariri tu. Napokea vijana hao chuoni mwaka wa kwanza. Katika ukumbi wa mihadhara ninapouliza swali kwa Kiingereza, mia mbili wanainamisha vichwa. Wakitoka nje, chini ya mti, nawasikia wakibishana juu ya swali lilelile kwa Kiswahili, kwa hoja kali, wakikatana kauli na kurejea vitabu. Wale waliokuwa weupe ndani ya ukumbi ndio haohao. Kilichobadilika ni ruhusa.

Katika shule niliyosoma mimi, ambayo haina haja ya kutajwa, kulikuwa na kibao kilichovishwa shingoni mwa aliyekutwa akisema Kiswahili. Ulikaa nacho hadi umkamate mwingine. Kilitufundisha mambo mawili: kunyamaza, na kuvizia wenzetu. Kiingereza nilikuja kukijua baadaye, kwa mwalimu mmoja mwenye subira ambaye alitueleza sarufi yake kwa Kiswahili.

Sasa nizipe hoja za upande wa pili haki yake, kwa kuwa zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba dunia inasema Kiingereza. Naikubali yote. Makala za sayansi, mikataba, ajira za mashirika ya kimataifa, intaneti kwa sehemu kubwa, vyote vinadai Kiingereza, na asiyekijua anafungiwa nje. Ndiyo maana nataka kifundishwe vizuri, kama somo, na walimu wanaokijua, kuanzia chini. Mfini na Mkorea husoma sekondari kwa lugha yake na hujua Kiingereza pia, kwa sababu anafundishwa Kiingereza chenyewe. Hatupi jembe mkononi mwa mtoto na kumwambia ajifunze kuogelea.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hii imepungua nguvu. Hapa Dodoma, mwendo mfupi kutoka Chang'ombe, Bunge linajadili bajeti ya taifa, mikataba ya madini na miswada ya fedha kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mawakili wameonekana wakijenga hoja nzito kwa lugha hiyo. Mwaka huohuo UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunaisherehekea kwa ngoma na hotuba. Lugha inayotosha kumhukumu mtu kifungo cha maisha inashindwaje kueleza sheria ya Ohm? Istilahi hazishuki kutoka mbinguni. Huzaliwa pale watu wanapozihitaji kazini.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo hutolewa kwa nadra. Mtu wa Bahi au Mvumi anaweza kuniuliza: na Kiswahili chako je? Mtoto wangu alilelewa kwa Kigogo. Siku ya kwanza darasa la kwanza alikuta lugha ambayo si ya bibi yake, na akaambiwa ya bibi ibaki nyumbani. Nomad ya mwanangu ilikuwa Kiswahili. Sina jibu la kujitetea. Ni kweli. Mafanikio yetu ya mwaka 1967 yalikuwa na gharama, na waliolipa ni watoto wa lugha za asili, ambao nyimbo na hadithi zao hazikupewa nafasi ubaoni. Mashine ile iliuliza kuimba kuna faida gani; nasi katika ukanda huu wa Wagogo, unaosifika kwa uimbaji wa sauti nyingi na kwa ngoma za wanawake, tuliuliza swali hilohilo kwa vitendo. Dhambi hiyo haituhalalishii kuirudia. Inatutaka tuwe wapole zaidi: mwalimu wa madarasa ya chini aruhusiwe kumvusha mtoto kwa Kigogo, na mwalimu wa sekondari aruhusiwe kumvusha kwa Kiswahili. Kanuni ni moja: anza pale mtoto alipo.

Lakini kuna jambo la nne ambalo si hoja, nalo ndilo linaloshikilia hali hii. Wengi wetu tunaoandika, tunaopanga na tunaoamua, watoto wetu hawamo katika shule ya kata. Wamo katika shule za Kiingereza za kulipia, wanabebwa na basi la njano alfajiri. Mwali haujawapitia. Mtihani wa Kidato cha Nne unapotungwa kwa Kiingereza, mtoto wangu anapimwa fizikia, na mtoto wa jirani yangu anapimwa vitu viwili kwa wakati mmoja, halafu matokeo yanabandikwa katika orodha moja kana kwamba walikimbia mbio zilezile. Nami, lau ningekuwa mkweli kabisa, ningekiri kwamba hali hii inanifaa. Inampunguzia mwanangu washindani.

Tamthilia ile ina uongo mmoja, nao tunaupenda. Daktari anasema kwamba kwa kasi ya Uhura, atarejea kazini katika muda wa wiki moja. Na kweli, tarehe 6 Oktoba 1967, juma moja baadaye, ilipoonyeshwa sehemu iliyofuata, "Mirror, Mirror", Uhura yupo kazini kamili, na hakuna anayegusia kwamba juzi alikuwa akisoma habari za mbwa na mpira. Televisheni ina haki ya kudanganya hivyo, maana kazi yake ni kuendelea na kisa kingine. Sisi hatuna haki hiyo, lakini tunafanya vilevile. Tunampa mtoto wa Kidato cha Kwanza wiki chache za kozi ya Kiingereza ya kumwandaa, kisha tunafungua kitabu cha Kemia na kuendelea kana kwamba amekwisha kupona. Tena Uhura alikuwa na muuguzi mmoja aliyeketi naye bega kwa bega, akimsahihisha kwa upole. Shule ya kata ina mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika, naye mwenyewe amepita katika mashine hiyohiyo.

Siombi mapinduzi. Naomba mambo matatu ambayo hayahitaji tume nyingine. La kwanza, mwalimu anayeeleza somo kwa Kiswahili darasani asijifiche. Kila mtu anajua kwamba anafanya hivyo. Mkaguzi anajua, mkuu wa shule anajua. Iwe halali, na afundishwe kuifanya vizuri. La pili, karatasi ya mtihani wa taifa iwe na maswali kwa lugha zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, na mtahiniwa achague ya kujibia. Gharama yake ni ya kutafsiri na kuchapa. Gharama ya kutofanya hivyo tunailipa kila mwaka kwa watoto wanaopata alama sifuri katika mambo wanayoyajua. La tatu, fedha na walimu bora wa Kiingereza wapelekwe katika somo la Kiingereza, ili anayemaliza aweze kweli kukisoma na kukiandika, badala ya kukihofu maisha yake yote.

Mwishoni mwa "The Changeling", Kirk anaishinda Nomad bila silaha. Anaikumbusha kwamba kanuni yake ni kuangamiza kila chenye kosa, kisha anaifahamisha kwamba yeye si muumba wake: imekosea, haikugundua kosa lake, na imeshindwa kujirekebisha. Mashine haiwezi kuubeba ukweli huo, nayo inajiangamiza. Sitamani shule zetu ziangamie. Natamani tu tuzipime kwa kipimo tunachowapimia watoto. Mfumo unaompokea mtoto anayejua usanisinuru na baada ya miezi michache ukamfanya asijue kwamba anaujua, huo ndio uliofeli.

Simu ya mama yake ilipojaa, binti aliaga. Mlangoni aliniuliza kama yule mama alirudi kazini. Nikamwambia ndiyo, wiki iliyofuata. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea kuambiwa mambo na watu wazima, akasema, "Haya, mwalimu. Usiku mwema," akaenda na daftari lake kifuani.

Jumatatu alikuwa na jaribio la Baiolojia. Jibu nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Swali lilikuja kwa lugha nyingine.